Siku Tuliyompeleka Mama Akahudumiwe

Nyumbani, meza ya pembeni karibu na kaunta,
Jumanne asubuhi, kabla ya kufungua.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji na wapwa zangu, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa. Usitufiche tena kama mara ile, ukaugua mpaka ukapona ndipo sisi tukasikia. Huku hatujambo. Wifi yako hajambo, watoto hawajambo. Yule mkubwa ameng'oka meno ya mbele na kila anayeingia humu lazima aonyeshwe pengo. Mama mzima, isipokuwa miguu, na hiyo miguu ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Nakujua, Dada. Umeshapitisha macho chini kutafuta jibu. Hebu rudi juu. Jibu lipo, lakini ukilisoma bila safari yake hutaniamini.

Ulinituma nimwombe Mama aiache baa, aje akae kwako kwenye kile chumba cha chini mlichomwandalia, kwa kuwa daktari ameshasema miguu ile ikiendelea kusimama kutwa kucha itakuja kumgomea kabisa. Ukaniambia, ni kumwambia tu. Umesahau maongezi ya baa yetu yalivyo! Nikianza, "Mama, Dada anasema hivi," mtu anagonga chupa na glasi: ting, ting. Mama huyo, ameshafika. Akirudi naanza upya, meza nyingine nayo inagonga. Si unakumbuka, kwetu hakuna mteja anayemwita Mama kwa mluzi wala kwa kupiga makofi. Wanagonga chupa, naye hata akiwa amegeukia ukutani anajua ni meza gani na wanataka nini. Nimejaribu mpaka maneno yakanikauka mdomoni.

Bahati ikaja na ndoo ya rangi. Fundi rangi alianza kupaka kuta za ndani, harufu ikawa ya kuwaliza watu machozi, ikabidi tufunge kwa siku nzima. Mama akawa anazunguka uani hajui ashike nini.

Wazo la kwenda mjini halikuwa langu. Lilikuwa la Mama Mdogo, Redio wetu, yule asiye na kitufe cha kuzimia. Alisema dada yake amewahudumia watu tangu wewe ukiwa mgongoni, na hajawahi hata siku moja kukaa kwenye kiti cha mteja akaagiza, akaletewa. Basi tumpeleke mjini, tupite baa hii na hii, tule, tunywe, ahudumiwe mpaka achoke mwenyewe. Huko ndiko nimtolee ujumbe wako, tumbo likiwa limeshiba na hakuna chupa ya kumkimbiza. Nikaona amesema la maana. Nikamwapisha asimwambie Mama sababu ya safari, naye akaapa huku ameshika kifua. Kumwapisha Redio ni kama kufunga mlango kwa pazia, lakini ningefanyaje?

Sasa nikwambie ambalo sikukwambia kwenye simu. Niliondoka nyumbani nikiomba akatae. Ningemuuliza kwa sababu umenituma, yeye angesema hapana, mimi ningekuandikia kwa masikitiko makubwa, na jioni ningemkuta pale pale nyuma ya kaunta. Siwezi kuiwazia baa hii bila yeye. Usinune. Wewe ungekuwa mimi ungeomba hivyo hivyo.

Asubuhi alitoka amevaa lile gauni la maua ya bluu ulilomletea, na viatu vya kufunga ingawa tulimsihi avae ndala. Amejipaka mafuta, anang'aa. Mkoba ulionekana umetuna, na nilipomuuliza amebeba nini akaniambia mambo ya wanawake.

Baa ya kwanza ilikuwa hapo hapo stendi, ile wanakokunywa supu madereva. Tukachagua meza ya kivulini. Kabla sijakaa, Mama akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa chake cha kufutia meza, kile kile chenye pindo jekundu, akaifuta meza ya watu kuanzia katikati kwenda pembeni kama anavyofanya siku zote. Redio alicheka mpaka akashika ukuta. Mambo ya wanawake!

Supu ilikuwa nzuri, sisemi uongo, ya moto na ndimu pembeni. Lakini Mama alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Chupa ikigongwa popote, magoti yake yananyooka. Anasimama, anakumbuka, anakaa. Tukimtazama anasema, "Najinyoosha tu." Tulipomaliza supu alikuwa amejinyoosha kuliko mtu aliyeamka. Mwisho akakusanya mabakuli yetu na ya meza ya jirani akayapeleka dirisha la jikoni. Mhudumu, msichana mrefu aliyechomeka kalamu kwenye nywele, akamfuata mbio.

"Mama, acha jamani, hiyo kazi yangu."

"Najua, mwanangu. Nakupunguzia tu."

Mazoea yana taabu, Dada. Nikamwambia Redio tuhamie baa kubwa zaidi, yenye kelele, labda huko hatazisikia chupa. Ndipo akili yangu ilipoishia.

Ya pili ilikuwa ukumbi mzima, televisheni kila ukuta, vijana wamevaa jezi, mpira unaendelea. Tukaagiza nyama ya kuchoma na viazi vya kukaanga. Mimi nikaenda kunawa. Bomba la kunawia lilikuwa linavuja, maji yanatiririka tu hakuna anayejali, nami unajua sitembei bila spana yangu ndogo. Nikalikaza. Niliporudi, kiti cha Mama kilikuwa kitupu. Redio alikuwa na nyama mdomoni, hakuweza kusema, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akanionyesha kwa mfupa.

Mama alikuwa amesimama kwenye meza ya wale vijana wa jezi, mikono nyuma, kichwa ameinamisha upande, anapokea oda. Walikuwa wamegonga, akaenda. Tena hakuishia hapo. Akafika kaunta akaitaja oda yote kwa sauti ile ile, "Mbili baridi sana, moja ya moto, na yule wa mwisho mpe maji, amezidisha," na yule mtu wa kaunta, kwa jinsi sauti ilivyomwingia, akampa sinia bila hata kumtazama usoni. Akazipeleka, akazifungua, akaweka vizibo mfukoni mwa gauni.

Hapo ndipo mhudumu mwenyewe alipotokea, mikono kiunoni. "We mama, umeajiriwa lini?"

Dada, Mama alirudiwa na akili kama mtu aliyemwagiwa maji. Alijifunika uso na kile kitambaa. Alikuwa anaona aibu ya kweli, na mimi nikaanza kuwa mkali, nataka kumtetea, lakini vijana wakaniwahi. Walisema wamekaa pale tangu mpira uanze na huyo mama ndiye wa kwanza kuwaletea bia inayostahili kuitwa ya baridi. Yule aliyepewa maji ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, anamwita Mama "bimkubwa". Meneja akaja kuamua, akaishia kucheka, akamuuliza Mama kama anatafuta kazi.

"Anayo," Redio akadakia, "tena sisi tunataka aia..."

Nikamkanyaga mguu. Akabadilisha sentensi katikati, ikatoka kitu kuhusu ng'ombe. Mama alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi, akapanga vizibo juu ya meza kimoja kimoja.

Tulipotoka nje nilimcheka Mama, nikamwambia nitamfunga kwenye kiti. Redio akanigeukia. "Na wewe bomba la watu ulikuwa unalifanyia nini? Halafu umefika mezani ukainua glasi juu kwenye mwanga kuangalia kama imeoshwa. Nyote wawili wagonjwa." Nikasema fundi bomba lazima akaze bomba, ndiyo kazi yake. Kuhusu glasi nikajifanya sikusikia.

Ya tatu nilichagua mimi, kwa hasira, na ndiyo iliyonitoa jasho. Ni ile ya ghorofani ya watu wenye nazo, viti laini vya kuzama, muziki unanong'ona. Kule hakuna anayegonga chupa. Kila meza ina kitufe kidogo, unabonyeza, mhudumu anatokea amejifunga tai. Nikasema hapa nimepata. Ila sikufikiria ngazi. Mama alizipanda akishika ukuta, anasimama kila baada ya muda kusifia maua ya pale pale, na maua yenyewe ya plastiki.

Redio akaagiza kamba. Ikaja sahani kubwa kama beseni, nyeupe, kamba watatu wamelala katikati juu ya jani moja. Akaitazama, akamuuliza mhudumu kwa upole wote, "Sahani nimeiona, baba. Chakula chenyewe kiko njiani?" Mama alicheka mpaka machozi, na mimi nikafurahi, nikajua sasa amelegea. Akajiegemeza. Nikasikia viatu vinavuliwa chini ya meza.

Nikadondosha kitambaa cha mikono. Nilipoinama kukiokota nikaiona miguu ya Mama.

Sikuwa nimeiona vizuri siku nyingi, Dada. Baani ana soksi, ana kaunta mbele yake. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na alama ya kiatu imezama kwenye nyama pande zote. Alikuwa anaisugua mmoja juu ya mwingine, polepole, huku juu ya meza anacheka. Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko kitambaa kilivyohitaji. Roho iliniuma vibaya sana. Nikaacha kuomba akatae.

Nikainuka nikiwa nimeamua kusema. Nikakohoa. Nikasema, "Mama, kuna jambo." Redio, kwa wasiwasi, akabonyeza kitufe. Mwenye tai akatokea. Nikamwagiza maji nisiyoyataka, na alipoondoka maneno nayo yalikuwa yameondoka. Kumbe siyo chupa zilizokuwa zinanizuia siku zote.

Jioni ilikuwa imeanza kuingia, jua limelala kwenye mabati, na basi letu bado. Tukakaa mahali pa mwisho, karibu na stendi, pale wanapokaanga samaki: viti vya plastiki, chini mchanga, mama mmoja anapika na binti mmoja anahudumia wote. Ndipo palipokuwa pazuri kuliko kote. Mama akauchagua mwenyewe ule upande wenye ukuta wa kuegemea. Binti alipofika, kabla sijafungua mdomo, Mama akaagiza. Dada, sijawahi kumsikia Mama akiagiza. "Niletee soda, isiwe baridi sana inaniuma meno, na samaki mwenye kichwa. Pilipili weka pembeni." Akakunja mikono mapajani. Kitambaa hakukitoa.

Samaki wakaja wanachemka bado, ngozi inavunjika, ndimu juu. Tukala kwa vidole. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Nilikuwa nimefikia kwamba nitaanza na chumba, halafu wajukuu, halafu ndiyo miguu, wakati nyuma yangu mtu alipogonga chupa.

Ting, ting.

"Nakuja!"

Nilikuwa nimeshapiga hatua, samaki mdomoni, najifuta vidole kwenye suruali, macho yanatafuta ni meza gani, ndipo nikaona wale watu wananishangaa. Nikageuka. Mama alikuwa ameketi. Mgongo ukutani, mikono mapajani, hajatikisika hata unyayo. Aliyeitika ni mimi.

Redio hakucheka. Mama ndiye aliyecheka, kidogo, kwa pua.

"Rudi ukae, baba. Hapa si kwetu."

Nikarudi. Masikio yanawaka moto. Mama akanivutia sahani yangu karibu kama nilipokuwa mdogo, akasema yafuatayo, nakuandikia kama alivyosema.

"Nakusubiri useme tangu asubuhi. Mama yako mdogo alishaniambia yote hata hujamaliza kumwapisha." Redio akawa anamchambua samaki kama anatafuta sindano. "Miguu ni yangu, naisikia kuliko daktari. Na dada yako nimemkumbuka, na wale watoto wanakua bila kunijua. Kwenda hakukunishinda. Kilichokuwa kinanikosesha usingizi ni kufikiria mtu amekaa pale, anagonga chupa, anagonga, na hakuna anayeitika. Na nikikuuliza wewe, utasema ndiyo kwa kunihurumia. Basi, umejibu kabla sijauliza."

"Mama, mimi fundi bomba."

"Bomba gani limewahi kukuinua na samaki mdomoni?"

Nikameza samaki. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa chenye pindo jekundu, akanitupia begani. Nikalia, Dada. Nililia pale mbele ya samaki na wageni, na usimwambie Shemeji. Nilifurahi kwamba nitakuwa nacho, na niliumia kwamba nimekipata kwa sababu yeye anakiacha, na vyote viwili vilitoka kwa wakati mmoja. Mama akanifuta uso kwa kiganja chake chenye mafuta ya samaki, akanipaka zaidi kuliko alivyonifuta.

Ndani ya basi alilala begani kwangu, lile lenye kitambaa.

Basi jibu ndilo hilo. Anakuja mwisho wa mwezi, rangi ikikauka na akishanionyesha mambo yote ambayo anadhani siyajui. Wifi yako nilipomwambia hakushtuka, alisema alijua tangu nilipomposa, maana nilikuwa nafuta meza kwao. Yeye atafungua asubuhi, mimi nitamaliza mabomba ya watu mchana na kushika jioni. Redio amejitolea kukaa kaunta kuongea na wateja, na hilo hatukumwomba.

Jana jioni tulifungua tena. Mama nilimwekea kiti pale kwenye kona, miguu juu ya kreti. Kila chupa ikigongwa alinitazama, nami nikaenda. Mara mbili nilikosea meza, akanionyesha kwa kidevu. Nikamuuliza akishaondoka, wateja wakiniuliza Mama yuko wapi niwaambie nini, niseme amesafiri au amehama. Akasugua vifundo kwanza.

"Waambie Mama amekaa," akasema.

Dada, mwandalie kiti kabla ya kitanda. Kiwe cha kuegemea, dirishani, aone watu wanaopita, na kisielekee jikoni kwako. Akiamka kukusaidia vyombo, usigombane naye wiki ya kwanza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu jembe atalichukua mwenyewe siku ya kwanza. Viatu vya kufunga nimevificha, usimnunulie vingine hata akililia.

Msalimie sana Shemeji, na umwambie kwa heshima zote ile tabia yake ya kugonga kijiko kwenye glasi akikoroga chai sasa aiache, la sivyo atamsimamisha mama mkwe wake usiku na mchana. Wasalimie wapwa zangu, yule mwenye maswali na yule mnyamavu, waambie bibi yao anakuja na ana hadithi za walevi zinazofaa watoto na zisizofaa. Wifi yako anakusalimu, watoto wanamsalimu shangazi yao, Mama Mdogo anakusalimu na anasema hakumwambia Mama neno lolote. Fundi rangi naye anakusalimu ingawa hakujui, amenikuta naandika akaona asipitwe.

Mungu akulindie nyumba yako, aupoze mgongo wako, na amfikishe Mama mlangoni kwako akiwa mzima. Mpokee mkoba kwanza, umkalishe, ndipo umkumbatie. Kuna mtu anagonga hapa mlangoni, nami mlango sijaufungua. Wacha niende.

Wako akupendaye, tumbo moja na moyo mmoja,

Mdogo wako,
nyuma ya kaunta.